Kura ya maoni ya 2010: afadhali wangeturejesha kwenye foleni



Kuna hoja moja ambayo kila Wazanzibari wanapokutana hapa Muscat, iwe kwenye chai Ruwi au kwenye harusi Seeb, haikosi kuzuka. Jee, wananchi wakishaulizwa jambo kwa kura ya maoni na wakajibu, ni halali kuwaita tena kuulizwa lile lile? Wazee wengi wanasema hapana, huko ni kuwafanya watu wazima watoto. Vijana wanasema ubaya uko wapi, watu hubadilika, hata ndoa huvunjika ikafungwa upya. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka, na leo nataka kusema langu, ingawa najua litawaudhi wa huku na wa kule.

Langu ni hili. Kura yetu ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 haijawahi kurudiwa, na laiti ingerudiwa. Wangetuita tena tukasimama foleni, wakatuuliza wazi wazi kama bado tunaitaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa au hatuitaki, wangetuheshimu kuliko walivyotufanyia. Walichofanya ni kuliacha jibu letu likae ndani ya Katiba kama picha ya ukutani, kisha wakapita pembeni yake.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule, au waliozaliwa huku na kuyasikia haya juu juu, nikumbushe kidogo. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi wiki moja baadae, na CUF wakasusia. Januari 2001 watu wakaandamana, makumi wakapigwa risasi wakafa, Pemba zaidi, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi wake. Ukaja Muafaka wa pili Oktoba 2001, nao ukafa polepole kama ule wa kwanza wa 1999. Uchaguzi wa 2005 ukapita na vilio vile vile.

Halafu Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ikakutana Butiama, na ikasema kwamba jambo la kugawana madaraka Zanzibar ni zito mno kuamuliwa na vyama viwili, lazima wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. CUF walikasirika. Waliona ni hila ya kuchelewesha, na wakatoka kwenye mazungumzo. Nalitaja hili kwa sababu leo kila mtu anajifanya alikuwa mpenzi wa kura ya maoni tangu utotoni. Haikuwa hivyo. Ilianza kama kisingizio machoni mwa upande mmoja, na ikageuka kuwa kitu cha thamani baada ya tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu na kuyaita maridhiano.

Mimi 2010 ndiyo kwanza nilikuwa nimefikia umri wa kupiga kura. Kura yangu ya kwanza maishani haikuwa ya kumchagua mtu, ilikuwa ya kujibu suali. Naikumbuka foleni ile katika skuli ya mtaani kwetu, Ng'ambo. Ilikuwa kimya. Hapakuwa na kofia za kijani wala fulana za chama, na waliokuwa hawasemeshani tangu 2001 walisimama mmoja nyuma ya mwengine. Asilimia 66 tukasema Ndiyo. Thuluthi nzima ya wenzetu ikasema Hapana, na mimi nasema heshima kubwa zaidi ya siku ile ni ya hao, maana walishindwa wakarudi majumbani kwao wakapika chakula cha usiku. Hakuna aliyechoma kitu.

Mwaka huo huo Baraza la Wawakilishi likapitisha Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Zanzibar. Likaweka Makamu wawili wa Rais, na likaweka jambo jengine ambalo halizungumzwi sana: kwamba baadhi ya vifungu vya msingi Baraza peke yake halina tena uwezo wa kuvibadilisha, mpaka wananchi waulizwe. Yaani wakubwa wenyewe, kwa mikono yao, walikiri kwamba kilichofungwa na wananchi kifunguliwe na wananchi. Kwa hiyo suala la kurudia kura ya maoni kwetu sisi si la vitabuni. Mlango wa kurudi kwa wananchi uko ndani ya Katiba, kilichobaki ni nani augonge.

Ikaja Oktoba 2015. Tarehe 25 watu wakapiga kura. Tarehe 26 Maalim Seif akatangaza mwenyewe kwamba ameshinda, kitendo ambacho hata wapenzi wake wengine walikiona ni cha pupa. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni na kuufuta uchaguzi wote, akitaja kasoro, khasa za Pemba. Wakati huo Wawakilishi wengi walikuwa na hati zao za ushindi mkononi. Na kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, katika vituo vile vile, zikaachwa kama zilivyo na zikahesabiwa. Marudio yakapangwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakasusia, Dkt. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.

Mtaniambia: bibie, huo ni uchaguzi, wewe ulikuwa unazungumzia kura ya maoni. Ndipo hapo penye mzizi wa fitina. Katiba inataka Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama cha upinzani kilichofikia daraja fulani ya kura, na baada ya marudio yale hapakuwa na chama kilichofikia. Makamu wa Kwanza hakuteuliwa. Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyoamuliwa na asilimia 66 ya wapiga kura, ikatoweka kwa miaka zaidi ya minne bila ya mtu hata mmoja kuulizwa kama anataka itoweke. Hakuna kifungu kilichofutwa na hakuna sheria iliyopelekwa Barazani. Kwa karatasi, jibu letu la 2010 lilikuwa hai na zima. Ilirejea tu Disemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza kupitia ACT-Wazalendo, na hakukaa hata miezi mitatu. Alifariki tarehe 17 Februari 2021.

Sasa niambieni, kipi kimeidhalilisha zaidi kura ya maoni: kurudiwa, au kufanywa hivyo?

Nina shangazi yangu Wete, ana kijiduka cha sukari, mchele, viberiti na sabuni za mche. Mumewe alikwenda kupiga kura ile ya Machi 2016. Alikwenda kwa sababu ni mtumishi wa serikali aliyebakisha miaka miwili astaafu, na kila mtu mtaani alilijua hilo. Kuanzia wiki ile jirani zake hawakununua dukani kwake hata njiti ya kiberiti. Watoto waliotumwa chumvi walipita mbele ya mlango wake wakaenda duka la mbali. Mama mkwe wake alipofariki mwaka ule, waliochimba kaburi walikuwa ni watoto wake wenyewe na wageni wawili kutoka Chake. Waliopata kuishi Pemba wanajua maziko yenye watu wachache maana yake nini. Nayaandika haya kwa sababu huku mbali tunazungumza juu ya kurudia kura kama vile gharama yake ni karatasi na wino. Marekani nayo ilizuia msaada wa dola milioni 472 wa mfuko wa MCC mwezi ule ule, na magazeti yaliandika sana juu ya hizo dola. Duka la shangazi yangu halikuandikwa.

Wazee wetu wa hapa wana sababu yao ya kushika kichwa wakisikia neno marudio, na mimi nilichelewa kuielewa mpaka mzee mmoja wa Al Khuwair aliponihesabia kwa vidole. Januari 1961 Unguja na Pemba zilichagua viti 22. ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakenda huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Waingereza wakakata jimbo moja likawa mawili ili viti viwe 23, na wakaitisha uchaguzi mwengine Juni mwaka ule. Waliouawa katika ghasia za Juni ni watu 68. Mzee yule alikuwa kijana wa kuuza duka shamba. Kwake yeye yote yaliyofuata, hata Januari 1964, hata meli iliyomleta huku, yalianza na ile hesabu ya kurudia. Sikubaliani naye kwa yote, lakini huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba kurudia kura ni haki ya kawaida ya kidemokrasia, akakusikiliza.

Nami kazi yangu ni uuguzi, na wodini kurudia kipimo ni jambo la kila zamu. Damu ikiganda kichupani, au ikitiwa kwenye kichupa kisicho chake, maabara hupiga simu, mgonjwa huchomwa tena, na sababu huandikwa kwenye faili pamoja na saa na jina la aliyeamua. Kuna kipimo chengine, kile cha sukari cha miezi mitatu, ambacho hurudiwa ingawa cha kwanza hakikukosewa. Cha kwanza kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Tunarudia kwa sababu mwili umepata muda wa kubadilika. Ukikirudia baada ya wiki umempotezea mgonjwa damu yake bure. Lakini sijapata kumuona daktari akachana karatasi ya majibu kwa sababu hayakumfurahisha, akasema tutapima tena Machi. Na angekuwapo, tusingekaa kujadiliana kama kurudia kipimo ni kuzuri au kubaya. Tungemuuliza kasoro ilikuwa nini, nani mwengine ameiona, na kwa nini kichupa cha pili, kilichotoka mshipa ule ule kwa sindano ile ile, amekikubali. Aliyeelewa kichupa cha pili ni kipi, ameelewa.

Kwa hiyo sisemi kurudia ni kubaya, na sisemi ni kuzuri. Kuna marudio na marudio, na jirani zetu wametupa mifano mpaka ya ziada.

Tuanze na Wangazija, ambao kwetu Zanzibar si watu baki. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe hazina bibi wa Kingazija? Tarehe 22 Disemba 1974 visiwa vinne vya Komoro viliulizwa na Ufaransa kama vinataka uhuru. Karibu asilimia 95 wakasema ndiyo. Lakini Maore, ambayo Wafaransa wanaiita Mayotte, peke yake ilisema hapana kwa zaidi ya asilimia 60. Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975 kwa visiwa vyote vinne. Ufaransa ikasema ngojeni, na tarehe 8 Februari 1976 ikarudia kuuliza, safari hii Maore tu. Asilimia 99 wakataka kubaki na Ufaransa. Umoja wa Mataifa ukalaani mwaka ule ule, na haikusaidia kitu. Machi 2009 wakaulizwa tena juu ya kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, asilimia 95 wakakubali, na 2011 ikawa hivyo.

Mfano huu unanisumbua kwa sababu hauniruhusu kuchukua upande kwa urahisi. Siwezi kusema watu wa Maore walidanganywa. Kila walipoulizwa walijibu lile lile, na kila mara kwa sauti kubwa. Tatizo ni kwamba suali halikubadilika sana, waliobadilishwa ni waulizwaji. Mwaka 1974 "wananchi" walikuwa watu wa visiwa vinne, 1976 wakawa watu wa kisiwa kimoja. Ukiwa na uwezo wa kuchagua nani aulizwe, unaweza kupata jibu lolote bila ya kuiba hata kura moja. Na bei yake inalipwa mpaka leo na watu wa Nzuani wanaopanda vile viboti vya kwassa-kwassa usiku kwenda kisiwa ambacho mpaka 1995 walikuwa wakienda bila ya viza, na wengi wao hawafiki. Sisi tunaosema kila siku kwamba suali la Muungano liulizwe kwa kura ya maoni, tujiulize kwanza: waulizwe nani? Wazanzibari peke yao, au na ndugu zetu wa Bara? Na Pemba ikijibu mbali na Unguja, jee?

Uganda wao walibakia na waulizwaji wale wale wakageuza jibu. Tarehe 29 Juni 2000 waliulizwa kama wanataka kuendelea na mfumo wa Movement usio na vyama, au vyama vingi. Asilimia 90 na zaidi wakachagua Movement. Tarehe 28 Julai 2005, miaka mitano tu, wakaulizwa tena. Asilimia 92 wakachagua vyama vingi. Watu wa nchi moja, majibu mawili yanayopingana, na yote mawili zaidi ya asilimia 90! Siri yake haina ugumu: mwaka 2000 Rais Museveni alipiga kampeni ya Movement, na 2005 alipiga kampeni ya vyama vingi. Wapinzani walisusia mara zote mbili, na 2005 hata nusu ya walioandikishwa hawakutokea. Kichekesho zaidi ni kwamba mwaka ule ule wa 2005 ukomo wa vipindi vya urais uliondolewa, na hilo halikupelekwa kwa wananchi, Bunge lilitosha. Ukitaka kujua kura ya maoni ina uzito gani katika nchi, tazama ni jambo gani HALIKUULIZWA.

Kenya, pamoja na yote tunayowasema, kwa hili wametushinda. Tarehe 21 Novemba 2005 walipewa rasimu ya Katiba, machungwa na ndizi, na asilimia 58 wakaikataa ingawa Rais Kibaki mwenyewe aliiunga mkono. Kibaki akasimama akakubali kwamba wananchi wamesema. Rasimu haikurudishwa mwaka uliofuata kwa kubadilishwa jalada. Ilichukua karibu miaka mitano, ikapita damu ya 2007 na 2008 ambapo zaidi ya watu 1,000 walikufa, ikaundwa Kamati ya Wataalamu, ikaandikwa rasimu nyengine, na tarehe 4 Agosti 2010, siku nne tu baada ya kura yetu sisi, asilimia 67 wakaikubali. Hakuna Mkenya anayesema 2010 iliidhulumu 2005. Wa 2005 walikataa karatasi fulani, na karatasi ile haikurudi.

Ulaya nako wana yao. Waairishi walikataa mkataba wa Lisbon Juni 2008, wakaulizwa tena Oktoba 2009 baada ya kuongezewa ahadi kadhaa, wakakubali kwa asilimia 67, na mpaka leo kuna wanaosema waliulizwa mpaka walipotoa jibu linalotakiwa. Waingereza waliulizwa juu ya Ulaya 1975 wakasema tubaki, wakaulizwa 2016 wakasema tutoke, na hakuna aliyeyaita hayo marudio, kwa sababu katikati pamepita miaka 41 na kizazi kimezikwa. Waliotaka irudiwe 2018 ndio walioambiwa hawaheshimu wananchi. Muda, waungwana, muda una kazi yake.

Basi ningelikuwa na sauti Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ningesema hivi. Kurudia kura ya maoni kuruhusiwe kwa sheria iliyo wazi, lakini serikali iliyopo madarakani isiwe na haki ya kuanzisha. Serikali ina vyombo vyengine vya kusemea, ina redio na ina masheha. Waanzishe wananchi, kwa saini, kutoka Unguja na Pemba zote mbili, na idadi iwe kubwa kiasi cha kumchosha mwenye mzaha. Na kabla ya kurudiwa, jibu la kwanza liwe limetekelezwa kweli kweli, kwa vipindi viwili vya uchaguzi, miaka 10. Usiniambie nguo haikuenei nawe hujaivaa. Serikali ya Umoja ya 2010 ilivaliwa miaka mitano, ikavuliwa, ikavaliwa tena 2020. Hakuna aliyepata muda wa kuijua vizuri, si waliosema Ndiyo wala waliosema Hapana.

Na hapa nataka niwatetee watu ambao marafiki zangu hawatopenda niwatetee. Kuna wana-CCM ambao tangu mwanzo hawakuitaka serikali hii ya mseto na hawakuficha. Walisema inagawa vyeo, haigawi mkate. Walisema inaua upinzani, kwa sababu nani atauliza fedha imekwenda wapi ikiwa wote wamo jikoni? Hizo si hoja za kijinga. Nimewahi kumsikia Mpemba wa CUF wa asili akizisema hizo hizo hapa Al Amerat, kwa kunong'ona. Watu hao walikuwa na haki ya kukusanya saini zao, kutuita tena kwenye foleni, na kutushawishi. Wangetushinda, nisingekuwa na la kusema. Lakini walio na nguvu miongoni mwao hawakuona haja ya kutushawishi, kwa sababu njia ya mkato ilikuwa karibu.

Kuna anayeniuliza, jee huogopi? Ukifungua mlango wa kurudia, siku moja watairudia kweli, na kwa Tume tulizonazo tutaipoteza hata hiyo iliyomo kwenye Katiba. Naogopa. Tume ambayo mtu mmoja anaweza kusimama mbele ya kamera na kufuta kazi ya siku nzima ya watu laki nne na zaidi haifai kusimamia kura ya aina yoyote, ya mwanzo wala ya marudio. Lakini hofu hiyo ni ya Tume, na dawa yake ni kuitengeneza Tume. Kumnyima mwananchi haki ya kubadilisha mawazo kwa sababu msimamizi wa boksi haaminiki ni kumfunga aliyeibiwa. Na tazameni Tanzania nzima: Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu daftari la wapiga kura halikuwa tayari, na haikupigwa tena. Huko hata mara ya kwanza hawakuulizwa.

Limebaki letu sisi tulioko nje. Tunapenda sana kudai kura zirudiwe. Nasema "tunapenda" na simtoi mtu. Mwaka 2016 kulikuwa na watu hapa Muscat wakihimiza watu wa Pemba wasusie, wasiuziane, wasizikane, nao usiku wanalala kwenye kiyoyozi. Hatupigi kura sisi. Sheria za Tanzania hazina kituo cha kura ubalozini, na ya Zanzibar inamtaka mtu awe amekaa jimboni kwake miezi 36. Hiyo si kwa sababu haiwezekani: Wakenya wa Dubai na Doha walipiga kura 2022, na Waomani hapa walimchagua Mjumbe wa Majlis Shura Oktoba 2023 kwa simu zao, mwenzangu mmoja alichagua akiwa kwenye chumba cha mapumziko kabla chai yake haijapoa. Ningependa sana tupewe haki hiyo. Ila mpaka tupewe, tuwe na haya kidogo katika kuwadaia wenzetu foleni ambazo hatutosimama.

Mimi ikirudiwa kura ile ya 2010, kwa suali lile lile, ningekwenda. Ningeomba likizo yangu, nikapanda ndege, na jibu langu lingekuwa Ndiyo, ingawa sasa ningelitoa nikijua zaidi udhaifu wake. Lakini kwa sheria ilivyo ningefika pale skuli yetu ya Ng'ambo nikasimama nje ya uzio, pamoja na wauza maji na watoto, nikiwahesabu wanaoingia.